Lori Lisilo na Vioo

Mimi sisahau, na walionikosea wanalijua hilo. Nimeendesha malori miaka thelathini na moja, toka mpakani hadi bandarini. Nilipopigwa kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, nikaenda mwenyewe kuiarifu ofisi ya leseni, kama sheria inavyotaka. Shukrani yake? Leseni ikachukuliwa ipitiwe upya, na mapitio hayo leo yametimiza miezi kumi na minne. Daktari alikwisha andika kwamba mkono umerudi. Barua yake ikapotea ofisini, nikapeleka nyingine, nayo ikaifuata mwenzake, na leo, baada ya kusimama toka asubuhi, karani akanisukumia fomu ileile ya mwanzo bila kuinua macho: "Jaza upya, mzee. Rudisha Jumatatu." Swali la tisa linauliza kama ndani ya miezi sita umepoteza fahamu, hata kwa dakika moja. Wiki tatu zilizopita nilianguka uani nikipasua kuni, nikazinduka nimekumbatia vumbi. Aliyeona ni mke wangu Tulinagwe peke yake. Nikiandika ndiyo, kazi kwaheri. Nikiandika hapana, nani atajua? Alasiri nilifika nyumbani na fomu mkononi na matusi kooni, nikajitupa mkekani, usingizi ukanibeba na viatu vyangu.

Nikajiona nimesimama katika nchi ambayo udongo wake ni mwekundu kwa wino wa mihuri, na vilima vyake ni mafaili yaliyoota nyasi. Barabarani palikuwa na lango, na langoni ameketi Urasimu, bwana mnene aliyezibwa masikio kwa lakiri, ile nta ya mihuri, na ubavuni pake binti yake Njoo-Kesho, mzuri wa sura, akimchekea kila mtu na kumrudisha kila mtu. Mbele yao ilijikunja foleni ya wagonjwa wa moyo, wa sukari, wa kifafa, wote waliokuja kujisema wenyewe; na wa kwanza katika foleni alikuwa Ukweli, amekonda, miguu imevimba kwa kusimama. Pembeni, kwenye njia pana isiyo na kizuizi, Uongo akapita akiendesha lori la mafuta huku amefumba macho, na Urasimu akampigia saluti. "Mnaona!" nikapayuka. "Anayesema mnamfunga, anayeficha mnampungia mkono!"

Lori jingine likasimama kando yangu, na dereva wake, jitu la macho mekundu, akafungua mlango. "Panda, ndugu. Mimi Hasira. Tumesafiri miaka yote hiyo, leo unajifanya hunijui?" Nikapanda kwa raha. Tukalivunja lango, mafaili yakaruka kama njiwa, Njoo-Kesho akakimbia kiatu kimoja mkononi, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo nikaona lori lile halina vioo vya pembeni. Nikamuuliza viko wapi. "Vya nini?" akasema Hasira. "Mimi hutazama mbele tu."

Nyuma ya viti vyetu mtu akakohoa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono ina grisi, amepakata kioo cha lori kilichopasuka. Nikamwamkia. "Marahaba, mpanda matairi," akasema. "Naitwa Kumbukumbu. Unajisifu kwa watu kwamba hunisahau. Kweli, nusu yangu moja hujaisahau: ile waliyokukosea wewe. Nusu nyingine nimekubebea mimi, na inalemea. Sikukatazi kusafiri na Hasira, ana nguvu za kuvunja malango. Lakini anayerudisha lori nyuma bila kioo huponda watu wake mwenyewe. Shika."

Nikashika. Ndani ya kioo nikajiona kijana, mwaka wa themanini na saba, kwenye uwanja wa kuegesha malori, nimepanda juu ya tairi, madereva wamenizunguka. "Swali la afya ni mtego!" nawahubiria. "Jibu lake ni hapana. Hata ukiwa maiti, andika hapana!" Wakaangua kicheko, wakapiga honi. Na nyuma yao rafiki yangu Chengula, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemshika mara mbili akitetemeka kwa kifafa, akatoa kalamu mfukoni. Kisha ule mteremko, Chengula akitetemeka kwenye usukani. Kisha wanawake wanne wauza vitunguu kando ya barabara, na ndoo zao. Miaka yote nimeisimulia ajali ile kuwa ni breki mbovu za tajiri mwenye lori.

Chengula akanitazama toka ndani ya kioo. "Kaka, hukuniambia tukadai nipewe kazi ya gereji. Uliniambia hapana. Nikaandika."

"Nilikuwa nawapigania!"

"Najua. Ndiyo maana nilikuamini."

Nikageuka nimwambie Hasira asimame, kiti chake kikawa kitupu. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, mteremko ni uleule, ndoo za vitunguu zilezile, na mkono wangu wa kushoto ukafa.

"Unapiga kelele hapana, hapana," Tulinagwe alikuwa amenishika bega, jua bado liko uani. "Hapana nini, Baba Anyosisye?"

"Nipe kalamu."

Swali la tisa nikaandika NDIYO, na siku, na saa, na mahali shoka lilipoangukia. Akasoma, akakaa chini taratibu.

"Basi ndio mwisho wa lori."

"Ndio mwisho wake."

Lakini wenye mihuri msidhani nimepoa. Nimeigeuza fomu na nyuma yake nimewaandikia: mimi niliwafundisha watu kuficha kwa mdomo wangu, ninyi mnawafundisha kila siku kwa foleni yenu. Jumatatu nitawapa mkononi, niwasomee kwa sauti, kisha nitakwenda uwanja wa malori nitafute tairi. Mguu ukikataa kupanda, Tulinagwe kasema atanisukuma. Nina neno moja la kulifuta mbele za watu, na sitaki kulifuta bila kuwataja waliokufa kwa sababu yake. Na hapo ndipo nilipokwama. Mimi nisiyesahau, ninayekijua mpaka cheo cha kila ofisa aliyewahi kunifokea, majina ya wale wanawake wanne siyajui. Itabidi kwanza nikayaulize.