Henzirani Kwenye Karai

Waliporudi kutoka makaburini, kitu cha kwanza alichokiona Leonia ni karai la baba yake. Henzirani, fito nyembamba za kusukia viti, zilizokuja kwa treni kutoka Kigoma zilikuwa bado zimeloweshwa humo, zilainike. Kiti cha bwana shauri, ofisa wa wilaya, kilikuwa kimesukwa nusu.

“Mwaga maji hayo, mwanangu,” alisema mama. “Zitaoza bure. Nani atasuka sasa?”

Kila jioni Leonia alikuwa akisogea kutazama, na baba akimtania, “Nenda jikoni, mama. Vidole hivyo ni vya mwiko.” Naye alikuwa akienda kuchochea moto.

Sasa aliketi kwenye kigoda cha baba, akachukua henzirani moja, akaipitisha pale baba alipoishia. Ikapinda bila kukatika.

“Baba,” alisema kwa sauti, “nilitaka unifundishe.”