Kilo za Mkunga

Njia ya mwongo ni fupi. Ile ya mkunga ilikuwa na kilomita nne, zote mteremko, na breki zilimwishia kwenye ya tatu.

Siku ya Ijumaa alikuwa ameipeleka baiskeli yake ya milimani kwa fundi waliyemwita Taratibu, ili wachague diski mpya za breki. Wajawazito wake waliishi juu kilimani, na zile za zamani zilikuwa zimelika. Fundi akatundika diski mbili vidoleni, moja kama kisosi, nyingine kama sahani ya kulia.

"Mwili mzito na mteremko mrefu hutaka hii pana, dada, maana haishiki moto upesi. Mwepesi humtosha hii ndogo. Una kilo ngapi?"

Benchi la wateja likageuka kusikiliza. Mkunga, ambaye kila asubuhi huwapandisha wanawake wenzake kwenye mizani na kuzitaja kilo zao kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, akalitupia benchi jicho, akashusha sauti.

"Sabini na tano."

Taratibu akayatazama magurudumu, akautazama ukuta, akaandika sabini na tano kwenye kadi ya kazi. Akafunga zile ndogo.

Kesho yake, akishuka kutoka kwa mzazi, mkunga akasikia harufu ya chuma kilichoungua. Akabana breki kwa nguvu zote. Vidole vikagusa usukani, na baiskeli ikazidi kutimka. Kilichomwokoa ni lundo la mchanga la waashi. Alitoka humo na goti lililochunika, mchanga hadi masikioni, na waashi wakicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Jumatatu alirudi karakana akiikokota baiskeli, na nia moja tu: abadilishiwe diski kimyakimya, yaishe. Lakini habari ilikuwa imemtangulia. Mwenye karakana, mama mwenye sauti ya king'ora, alikuwa amesimama mbele ya Taratibu, kiganja wazi.

"Leta funguo za kabati, uende zako. Ungeniulia mtu!"

"Niliambiwa sabini na tano, bosi. Nikaandika sabini na tano."

"Kwa hiyo mkunga mzima, mtu na heshima zake, ndiye mwongo?"

Taratibu alimwona mkunga mlangoni. Akaanza kuchomoa funguo kwenye pete, mmoja mmoja, na hilo likamchoma mkunga kuliko goti. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ikakaa vilevile.

"Mia na nne," akasema.

"Mia na nne nini?"

"Kilo zangu. Nilimdanganya, nikiwaonea haya watu wa benchi. Mwache na funguo zake." Akamgeukia fundi, uso ukimwaka. "Nisamehe, kaka. Nilikuacha ubebe mzigo wangu."

"Nilijua tangu siku ile," Taratibu akasema, macho chini. "Nami niliona haya kukubishia."

Akaenda kabatini, akarudi na zile pana.

"Mia na nne!" Jamaa mmoja benchini akajipiga paja. "Basi dada, na baiskeli nayo uiombe radhi!"

Haya ilikuwa ingali imemjaa mkunga hadi shingoni. Akamkazia macho hivyohivyo.

"Siiombi," mkunga akasema. "Radhi niliomba kwa uongo; kwa kilo zangu usingoje."