Ngome Inasoma Polepole

Isidore hakufa, lakini wiki aliyoondoka watu wa parokia walitupa pole kama waliofiwa. Orchestra moja ya dansi huko Kisangani ilisikia habari za sauti yake, ikamtumia nauli, naye akapanda lori mwezi wa pili wa mwaka 1983. Alituachia mikrofoni yenye harufu ya pipi za menthe, za mnanaa, alizokuwa akimung'unya kabla ya kuimba.

Kundi letu liliitwa Ngome. Tulipiga rock ya kumsifu Mungu, kwa magitaa ya umeme, na tulikuwa tumealikwa toka Nyangezi mpaka kisiwani Idjwi. Sasa tulibaki watatu. Philémon, fundi cherehani, alipiga gitaa la solo. Polycarpe alipiga besi. Alikuwa mwashi wa miaka arobaini na mitatu, na kwenye kitambulisho cha Jamhuri, iliyokataza majina ya Kikristo, aliandikwa Bulonza, lakini parokiani hakuna aliyemwita hivyo. Mimi, Adalbert, nilipiga batterie, seti ya ngoma, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kundi.

Vyombo vilikuwa mali ya parokia. Padri Alphonse alituita, akasema bila kuzunguka:

"Batoto yangu, siku ya Pentekoste mutapiga mbele ya bakristo yote. Kama Ngome iko hai, tutasikia. Kama imekufa, vyombo vitaenda kwa waimbaji wa korali ya vijana."

Tulisali novena ya siku tisa, kisha tukajaribu waimbaji. Wa kwanza, kijana wa Nyawera, aliimba kwa pua. Wa pili alisahau maneno. Philémon akajaribu mwenyewe, akifunga macho kama Isidore.

"Acha, ndugu yangu," Polycarpe akamwambia. "Uko kama mbuzi anayevutwa sokoni."

Siku zile Polycarpe alikuwa ameanza masomo ya jioni. Saa kumi na moja alitoka kazini na saruji kwenye kucha, akaingia darasa la Maman Constance katika shule ya msingi nyuma ya kanisa. Alikalia benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani. Philémon hakumwachia nafasi ya kupumua.

"Muzee, unatafuta diplome ya nini? Matofali inajua kusoma?"

"Weye shona tu," alijibu Polycarpe.

Ijumaa moja, kazi yake ilipoisha mapema, alikuja mazoezini kwetu katika darasa lile lile na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Maman Constance alikuwa amewaambia wanafunzi wake waandike barua kwa yeyote wampendaye. Wengine waliwaandikia watoto wao walio mbali. Polycarpe alimwandikia Mungu. Mistari kumi na mmoja, herufi kubwa kubwa, zote zimesimama wima kama ukuta uliopimwa kwa timazi.

*Bwana, ni mimi mwashi. Nimejenga nyumba nyingi, na kila mlango una namba. Leo nimesoma namba. Zamani nilishika kitabu cha sala kichwa chini, na jirani yangu akanyamaza asinitie haya. Leo nimeona jina lako, Mungu. Kumbe ni fupi.*

Nilisoma, nikageuka upande ili machozi yangu yasionekane. Kisha nikasema, huu ndio wimbo wa Pentekoste.

Philémon akautafutia sauti kwenye gitaa, tukaupiga mbio, kama tulivyopiga nyimbo zote za Isidore. Ulitoka kama shati la mtu mwingine. Polycarpe akaweka besi chini.

"Mbio ya nini? Mimi niliandika hii siku tisa. Ninyi mumeimaliza dakika mbili."

"Basi imba weye!" Philémon akasema kwa hasira.

Polycarpe akaiweka karatasi juu ya kiti, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Hakuimba kama Isidore. Alisoma, kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa, neno moja, kisha akatafuta la pili kwa kidole. Nilipiga ngoma mara moja, ikabidi nimsubiri. Ule ukimya ulikuwa mrefu mno kwa Philémon, mtu asiyeweza kunyamaza. Akaurushia noti moja kwa nguvu yote ya amplifikateur, akaiacha ilie mpaka madirisha yakatetemeka.

Polycarpe akasoma neno la pili. Na mlangoni watu wakalirudia.

Walikuwa wanafunzi wa Maman Constance, wamefika mapema kwa somo la jioni. Darasani mwao mwalimu husoma neno na wao hulirudia. Midomo yao ilikuwa imezoea. Watu ishirini na wawili, wapagazi, wafua nguo, wauza samaki, walirudia neno la Polycarpe kama somo.

"Tena," nikasema. Nikainua vijiti vyangu.

Toka siku ile tulifanya mazoezi na darasa lote.

Siku ya Pentekoste uwanja wa parokia ulijaa mpaka kwenye ngazi. Tukiwa nyuma ya jukwaa tulisikia watu wakipiga kelele za furaha. Isidore alikuwa ameingia! Orchestra ilimpa ruhusa ya wiki moja, naye alivaa koti la ngozi na suruali pana chini. Padri Alphonse alimleta kwetu, uso wake unang'aa.

"Adalbert, Bwana ametusaidia. Isidore amekubali kuimba leo."

Isidore alichukua karatasi ya Polycarpe, akaipitishia macho mara moja tu.

"Iko nzuri! Nitaiimba kama maji."

Polycarpe alijipangusa mikono kwenye suruali. "Kama ni juu ya vyombo, mupe," aliniambia polepole. "Mimi nitapiga besi yangu."

Niliomba dakika moja. Nilisogea ukutani, nikasali Salamu Maria. Nilijua vizuri kwamba Isidore akiimba, vyombo vitabaki kwetu. Niliona pia wanafunzi wa Maman Constance wamejipanga, nguo zimepigwa pasi, na Polycarpe hakuweza kuwatazama. Nikarudi.

"Padri, Ngome itapiga kama ilivyo sasa. Polycarpe atasoma."

"Nilisema neno juu ya vyombo, Adalbert."

"Nakumbuka, Padri."

Isidore alicheka kidogo. "Munaniogopa?"

"Hapana, ndugu. Utaimba. Simama pale na darasa, urudie nao."

Tukapanda. Polycarpe aliweka kidole kwenye karatasi. "Bwa-na," akasoma. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu anasoma ao anaimba?" na watu wakacheka. Polycarpe akabana kidole chini ya neno lile lile. Nikampigia ngoma moja, taratibu, kumwambia nipo. Philémon akaachia noti yake. Darasa likarudia, sauti ishirini na mbili, na kicheko kikaisha.

Mstari wa tatu, watu wa mbele wakaanza kurudia. Mstari wa tano, hata wale wa kwenye ngazi. Mstari wa saba Isidore alijisahau, akakimbia mpaka mwisho wa sentensi, na sauti yake nzuri ikabaki peke yake hewani. Maman Agnès, muuza dagaa wa sambaza aliyesimama kando yake, akamvuta koti.

"Papa Isidore, ngoja wenzako. Hapa tunasoma!"

Uwanja wote ulicheka, naye Isidore akacheka. Kisha akangoja.

Polycarpe alipofika kwenye jina lile fupi, alinyanyua kidole kwenye karatasi. Hakuhitaji tena kulitafuta. Alilisema, na parokia yote ikalirudia, nami nikapiga kwa mikono yote miwili.

Baadaye Padri Alphonse alipanda jukwaani, akakunja waya wa amplifikateur mwenyewe, akaniwekea mkononi.

"Rudisheni mahali pake," alisema. "Mazoezi yenu ni siku gani? Nataka kuja."

Isidore alimwomba Polycarpe nakala ya barua.

"Nitakuandikia mwenyewe," Polycarpe akasema, akaketi kwenye ukingo wa jukwaa na kalamu. Isidore alitoa mkono kutaka kumsaidia, kisha akaurudisha, akaketi kando yake. Philémon akazima gitaa lake. Tulikaa hapo sote tukimsubiri, herufi kwa herufi, na hakuna aliyemharakisha.