Kijiko Kikigonga Mara Nne

Kijiko kiligonga bilauri mara nne. Nje bado kulikuwa na giza. Niliamka, nikapapasa kandambili kwa miguu, nikamletea mume wangu chombo cha haja ndogo. Akanitazama, kisha akafumba macho. Kwake kufumba macho ni hapana.

"Sasa uliniitia nini?" nikamuuliza, nikarudisha chombo chini ya kitanda na kwenda jikoni kuwasha jiko. Sikungoja jibu.

Jibu lenyewe lisingekuja upesi. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa mawili matatu ambayo hayasemeki mbele ya wajukuu. Kwa miezi saba tulizungumza kwa kijiko. Wajukuu wanakiita simu ya babu. Mara mbili, nimgeuze. Mara tatu, maji. Mara nne, chombo. Hayo niliyajua mimi peke yangu, na nilitembea nayo kama mtu mwenye funguo za nyumba.

Kisha siku moja binti yangu mkubwa akanikuta nimeinama kwenye beseni, nimeshindwa kuinuka. Akaenda ofisi ya wahudumu wa majumbani akatuandikisha, mhudumu aje asubuhi za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akaniambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikubisha. Mgongo wangu ulikuwa umeshakubali kabla yangu.

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya raba na daftari la shule. Hakuanza kwa kuniuliza mimi mgonjwa anakula nini. Alivuta kigoda, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mume wangu, akamuuliza anapenda aitwe nani.

"Mwite mzee tu," nikajibu mimi.

Akaniitikia kwa heshima, kisha akaendelea kumngoja yeye. Alingoja hata nikaona haya. Mwishowe mume wangu akaunyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha nyundo ndogo iliyotundikwa ukutani. Alishona viatu vya watu miaka arobaini.

"Fundi," akasema mhudumu.

Mume wangu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kicheko hicho sikuwa nimekiona tangu augue, na kilipotoka kilimwendea mwingine.

Hapo ndipo kijicho kiliponiingia. Nasema kweli, maana nimezeeka na uongo unachosha.

Moyoni nikampa jina, Bi Polepole. Shati ambalo mimi nilimvalisha kwa dakika moja, yeye alimwacha Fundi afunge vifungo mwenyewe kwa mkono mmoja, vifungo sita, chai inapoa mezani. Kazi yake ilikuwa kushika upindo tu, shati lisimtoroke. Tena aliuliza kila kitu. Maji yana moto sana? Tuanze na uso au miguu? Dirisha liwe wazi? Akishauliza hunyamaza, midomo ikicheza kidogo, na siku moja nikagundua kwamba anahesabu mpaka kumi. Ndani ya kumi hiyo mume wangu alipata nafasi ya kujibu. Kabla ya kumfuta mgongo alilizungushia birika taulo lipate joto. Mimi katika miezi yote ile sikuwahi kuwaza kupasha taulo. Wema wake niliuona wote, sikuwa kipofu, na kila jema lilinichoma mahali pake.

Wiki ya tatu, nikiwa jikoni, nikasikia kijiko. Ko. Kimya. Ko. Mara moja moja. Hiyo haikuwamo katika lugha yetu. Nikasogea mlangoni, mwiko ukinidondoshea uji miguuni. Mhudumu anauliza, mume wangu anagonga moja. Walikuwa wamejitengenezea ndiyo yao, bila mimi.

Nikampigia binti yangu kumweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, unamwonea wivu kama mke mwenza."

Nikamwambia mke mwenza angekuwa afadhali, asingenisalimia, nami ningejua pa kumweka. Huyu alinisalimia kila siku, tena kwa kuinama. Hiyo nayo niliiona hila.

Jumatano nikapiga simu ofisini. Nilimwambia msimamizi kwamba mhudumu wao ni mvivu, anamwachia mgonjwa kazi zake. Msimamizi akanipa pole, akasema Ijumaa atamalizia, Jumatatu wataniletea mwingine. Nilijiona mshindi kwa muda wa chai kuchemka, si zaidi.

Na Ijumaa yenyewe ndiyo hii iliyoanza na kijiko mara nne.

Bi Polepole alifika kwa saa yake, akabisha, akangoja akaribishwe kama kila siku. Akamwogesha Fundi, wakahangaika na vifungo vyao. Hakununa wala hakuharakisha. Alipomaliza akaja jikoni na daftari.

"Mama, hili utampa anayekuja Jumatatu. Asianze upya, Fundi atachoka." Akatazama chini. "Na kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe."

Akatoka uani kusuuza taulo. Nikafungua daftari. Shule yangu ni ndogo, nasoma nikifuata kwa kidole. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, kama wa mtoto mwenye bidii. Taulo lipashwe. Vifungo afunge mwenyewe. Kwenye redio anapenda habari, muziki hapendi. Mimi nilimwekea muziki miezi saba. Moja ni ndiyo. Mbili, ageuzwe. Tatu, maji. Chini yake palikuwa pamefutwa na kuandikwa tena:

"Nne: Mama anasema chombo. Nimemuuliza Fundi, hapana. Si mto, si redio, si dirisha. Akigonga nne anatazama jikoni. Mimi sijui. Mama ndiye anayemjua, aulizwe yeye."

Nilisoma mara mbili. Kila alfajiri nilimsukumia chombo mtu ambaye hakuomba chombo, naye alipofumba macho nilisema ni ukaidi wa ugonjwa. Na huyu niliyemwita mvivu alikuwa ameandika kwamba mimi ndiye ninayejua.

Nikaingia chumbani na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Nne ni nini?" nikamuuliza.

Ulimi ulitaka kuongeza: maji, uji, blanketi? Nikauuma. Nikahesabu. Kumi sijawahi kuiona ndefu namna ile. Kwenye saba mkono wake ukakiacha kijiko, ukateremka, ukagonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole. Ko ko, ko ko.

Kwenye bilauri sikuwa nimeutambua mdundo ule. Kwenye ubao niliutambua mara moja. Ndivyo alivyoligonga benchi la wateja kwa nyundo, misumari ikiwa mdomoni, hawezi kusema, na maana yake ilikuwa: karibu, kaa. Hata mimi nilipompelekea chakula alinigongea vivyo hivyo, na siku zote nilimjibu kwamba nina kazi nyumbani.

Nikakaa. Alikichukua kile kitambaa mkononi mwangu, akakitupa chini, akaushika mkono. Basi. Hakutaka kitu kingine. Uji uliungua jikoni, nikaisikia harufu yake, nikauacha uungue. Na katikati ya raha ile bado kulikuwa na mwiba: kwamba ilibidi mwanamke mwingine aje na daftari.

Niliposikia mlango wa uani nikakumbuka. Nikatoka mbio, mbio zangu hizi za kushika ukuta. Alikuwa langoni anafunga kamba za viatu.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyesema wewe ni mvivu."

"Najua, mama. Niliambiwa."

"Na bado ukaniachia daftari?"

"Daftari ni la Fundi."

Nikatoa simu palepale, nikampigia msimamizi, ili mhudumu asikie kwa masikio yake nikiyala maneno yangu. Niliyala yote. Msimamizi akasema sawa, kama mwenyewe atakubali. Mwenyewe alikuwa akinitazama, midomo ikicheza kidogo. Nikajua anahesabu, ananingoja.

"Jumatatu uje," nikamwambia, nimeshika lango. "Na usiishie chumbani kwake tu. Pita na jikoni, uniulize na mimi, halafu ungoje hivyo hivyo."