Mistari Iliyolalia Kushoto

Mthamini wa michoro alipobisha hodi na karatasi yake ya ushahidi, mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba hatapata kiti. Mama akampa kiti. Ndivyo alivyo mama yangu, hata mwizi akiingia atamuuliza kwanza kama amekula.

Habari tulizipata wiki moja kabla. Ukurasa mmoja wa katuni za Tarishi Mdaku, yule mpeleka barua aliyesoma barua za watu wote kabla ya kuzifikisha, ulikuwa umenunuliwa mnadani kwa bei iliyovunja rekodi. Nasema ukurasa halisi, kadi nene iliyochorwa kwa mkono kabla ya kupelekwa mtamboni. Bei ya nyumba tatu, tena za ghorofa! Enzi zile kadi hizo zikitoka mtamboni zilitupwa chini ya ngazi, na dirisha la ofisi likivunjika kioo, walizibia hizo. Leo watu wanazishika kwa glavu.

Mama alifanya kazi katika gazeti hilo miaka kumi na tisa. Alikuwa mtia wino. Mchoraji mkuu, ambaye wote walimwita Mwalimu, alichora kwa penseli ya bluu, rangi isiyotokea kwenye uchapaji, na mama akapita juu yake kwa wino, kila mstari akiufuata ulivyolazwa. Jina lililochapwa lilikuwa moja tu, la Mwalimu. Ulikuwa utaratibu wa ofisi. Miaka sita ya mwisho mikono ya Mwalimu ilianza kutetemeka. Alifika asubuhi, akachora duara mbili, akaandika pembeni "Tarishi anakimbia", akarudi kwake kupumzika. Huko kukimbia kwenyewe, na mbwa anayemfukuza, na ndoo zinazopinduka, vilitoka kwa mama. Hata sahihi aliiweka yeye, kwa ruhusa ya Mwalimu mwenyewe. Mhariri alijua. Mfagizi alijua.

Ukurasa ulionunuliwa ulikuwa wa miaka hiyo sita.

Mimi ni fundi cherehani, na nguo huwa naitazama kwa ndani kwanza, kwenye mishono. Huyu mthamini alikuwa mtu wa upande wa nje: viatu vinang'aa, maneno yamepigwa pasi.

"Shikamoo Mama. Sitakuchosha," alisema. "Mnunuzi anataka shahidi mmoja wa enzi zile kabla ya kulipa. Unaandika tu kwamba ulimwona Mwalimu akiuchora kwa mkono wake. Na kuna bahasha ndogo ya usumbufu."

Akatandaza mezani picha ya ukurasa ule, kubwa kama kitambaa cha meza, na kuanza kutufundisha. Eti hiki ndicho wataalamu wanachokiita Kipindi cha Mwisho. Akapitisha kidole kwenye kivuli cha ukuta, ile mistari myembamba iliyopangwa bega kwa bega.

"Miaka ya mwanzo mistari yake ililalia kulia. Hapa, ona, inalalia kushoto. Mkono umefunguka. Mtu huyu alikuwa haogopi tena chochote."

Mama akaisogeza picha karibu. "Na zile za mwanzo, bei yake?"

"Nzuri, Mama. Lakini hizi ni mara nne."

Mara nne! Mama yangu ana shoto tangu azaliwe. Mistari ya mtu wa shoto hulalia kushoto, hakuna falsafa hapo. Wataalamu na miwani yao walikuwa wameuona mkono wa mama, wakaupenda, wakaupandisha bei, kisha wakampa mwingine.

"Mama, mwambie," nikasema.

Akanivuta jikoni na kurudisha mlango. "Nyamaza wewe. Mwalimu alinipa kazi wakati ofisi nne zimenifukuza mlangoni. Leo yuko kaburini, mimi nimvue nguo?"

"Na wewe uliye hai, nani atakuvika?"

Alijifuta mikono, ingawa haikuwa na maji, akarudi sebuleni kuandika. Niliona kabisa kwamba anakwenda kujifuta mwenyewe kwa wino wake, na kwamba siwezi kumzuia. Nilitamani kulia.

Mthamini alikuwa ameshainua simu. "Mnunuzi anataka na video ya wewe ukitia sahihi. Usijali, ni fupi."

Mama akashika kalamu kwa mkono wa kushoto na kuanza kuandika tarehe. Mthamini akatazama ule mkono, akatazama picha mezani, akautazama mkono tena, na simu ikashuka taratibu. Nilimwona anavyoelewa. Na mimi mjinga nikategemea angefurahi, kwa sababu hapa sasa, umbali wa meza moja, alikuwa amekaa mwenye mistari aliyoisifu robo saa nzima.

Akakohoa. "Samahani, Mama. Kalamu ungeishika kwa mkono wa kulia. Kwenye video itapendeza zaidi."

Mama akaiweka kalamu chini. "Kijana wangu, umeshajua."

"Mimi sijui kitu, Mama. Ila ukurasa huu ukiwa wa Mwalimu ni nyumba tatu. Ukiwa wako ni karatasi tu."

"Si mistari ni ileile?"

"Mistari hakuna anayeinunua, Mama yangu. Wananunua jina."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimpe yanayomstahili, lakini mama aliinua kiganja. Sikuwahi kumwona mama yangu amekasirika. Siku hiyo niliona.

"Shuleni walinichapa vidole miaka mitatu ili nihamie mkono wa kulia," alisema. "Miaka mitatu, na rula ya mbao. Wakachoka wao. Wewe unataka kunihamisha leo, kwa bahasha? Washa simu yako."

Hakuiwasha. Mama akaandika hivyo hivyo, kwa shoto, pole pole: Ukurasa huu niliuchora mimi, na sahihi ya Mwalimu niliiweka mimi, kwa ruhusa yake. Chini akaandika jina lake, lote, mpaka la babu. Mthamini aliikunja karatasi bila kutuangalia, akachukua na bahasha yake, akaondoka.

Karatasi ikamfikia mnunuzi, akajitoa, na habari ikasambaa. Nilidhani tutasikia watu wakibishana, angalau mmoja akiuliza huyu mama ni nani na amechora nini kingine. Hata nukta moja haikuwa imehama kwenye ukurasa ule. Mbwa bado anafukuza, ndoo bado zinapinduka, lakini walioulilia mnadani hawakutaka tena kuusogelea.

Jumatatu iliyofuata gazeti likatoka. Tena ni gazeti lilelile, lililokula jasho la mama miaka kumi na tisa bila kulichapa jina lake hata pembezoni. Safari hii walilichapa, herufi nzito: mama wa makamo akiri kughushi ukurasa wa Mwalimu. Ati kughushi! Kazi yake mwenyewe! Nikalisoma nimesimama, nikalisoma tena, nikawatukana kuanzia mhariri hadi muuza magazeti, nikaapa nitawafuata hukohuko ofisini kwao.

Mama alivaa miwani na kusoma habari nzima bila haraka. Alipofika kwenye jina lake akaweka kidole chini yake, akakipitisha mpaka la babu.

"Nipe mkasi," akasema. "Wamelichapa lote."

Uliokuwa karibu ni mkasi wangu wa vitambaa. Huo haukatiwi karatasi, fundi yeyote anajua, ukiukatia mara moja umeua makali. Nikampa.