Kipande cha Saba cha Tope

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, kulipambazuka kwa manyunyu, yale yasiyomlowesha mtu mara moja lakini yasiyompa pia nafasi ya kukauka. Mama Chupa aliingia maabara akidondosha maji kichwani, daftari lake likiwa limefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Bora alowe yeye kuliko daftari.

Jina hilo alilipata hapo kazini. Kwa miaka tisa alikuwa akiosha chupa za kioo zilizotumika kupima matope ya bahari. Alipofika miaka arobaini na tisa akaanza masomo ya jioni, na sasa, akiwa na hamsini na moja, cheti kilikuwa kimetoka. Siku hiyo saa nne, mbele ya wenzake wote, Daktari aliyesimamia maabara angemvika koti jeupe na kumtangaza kuwa msaidizi wa maabara. Karai na brashi angeviaga.

Kwa ajili ya shughuli hiyo, Daktari alikuwa amebandika ukutani mchoro mrefu wa hewa ya ukaa iliyokuwamo baharini zamani, toka miaka elfu ishirini iliyopita. Mama Chupa alijua ulikotoka: kwenye nguzo ndefu ya tope la bahari, iliyokatwa vipande kumi na viwili, kila kimoja ndani ya bomba lake. Daktari aliwahi kumweleza kwamba vimea vidogo vya mwani, visivyoonekana kwa macho, vikifa huzama, na mafuta yake hubaki kwenye tope. Ndani ya mafuta hayo mna kaboni nyepesi na kaboni nzito. Hewa ya ukaa ikiwa nyingi majini, vimea huchagua ile nyepesi. Ikiwa haba, huchukua yoyote inayopita.

"Kumbe ni kama watu kwenye sinia," Mama Chupa alisema siku ile. "Likijaa, kila mtu anachagua mnofu. Likipungua, hata mfupa unagombewa."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, na tangu hapo kila mgeni alielezwa habari za sinia.

Asubuhi hii Mama Chupa aliusogelea mchoro, akaufuata kwa kidole kama alivyofundishwa darasani. Mstari ulianzia kushoto, ukapanda polepole kama mtu mzima apandaye ngazi. Katikati ukaruka juu ghafla, kama aliyekanyaga msumari. Halafu ukateremka, ukateremka, kisha ukaruka tena na kuendelea na safari yake ya taratibu. Mteremko huo ndio uliokuwa furaha ya Daktari. Hakuna aliyewahi kuuona, na ripoti yake ilikuwa itumwe mchana.

Kidole cha Mama Chupa kilisimama. Chini ya mruko wa kwanza paliandikwa: mwanzo wa kipande cha saba. Chini ya mruko wa pili: mwisho wa kipande cha saba.

Akayasoma maneno hayo mara ya pili.

Miezi minane nyuma, alipokuwa akisaidia kupanga mabomba ya tope kwenye chumba cha baridi, bomba la kipande cha saba lilimponyoka. Vifuniko vyote viwili viliruka, cheupe cha upande wa juu na chekundu cha upande wa chini. Mshale wa kuonyesha juu ulichorwa kwenye kifuniko, si kwenye bomba lenyewe. Aliviokota, akavibana bila kukumbuka kipi kilikuwa upande upi, akamshukuru Mungu kwamba bomba halikupasuka. Hakumwambia mtu.

"Shemeji, mbona unauangalia ukuta kana kwamba umekutukana?"

Alikuwa fundi wa mashine ya kupimia, mdogo wa mumewe, ndiye aliyemtafutia kazi hapo. Mama Chupa akamweleza yote. Fundi akasukuma mlango ukafungika.

"Shemeji yangu, hilo tope lina miaka elfu ishirini. Wenyewe wameshakufa wote. Nani atakuja kulalamika?"

"Ripoti itasomwa na watu walio hai."

"Sasa mimi uso wangu nitauweka wapi? Nilimwambia Daktari, mke wa kaka yangu hadondoshi kitu!"

"Basi ulinisifu mapema."

"Subiri japo uvishwe koti. Kesho utasema."

"Kesho nitakuwa nimelivaa kwa uongo."

"Koti halijui kitu."

"Mungu anajua, na mimi najua. Tayari tuko wawili."

Fundi akajikuna kichwa. "Na mimi umeshaniingiza wa tatu. Asante sana."

Mama Chupa alikwenda kwenye chumba chake cha kuoshea, akasimama kati ya chupa zilizopinduliwa zikauke, akaomba. Kwanza aliomba isiwe kweli. Katikati ya maombi akajisikia anachokiomba: kwamba bahari ndiyo iwe imekosea, si yeye. Akaona haya. Akaanza upya, akaomba ulimi usiopinda, basi.

Lakini kuungama bila hakika nako ni kupaka watu matope. Baadaye kila bomba lilikuwa limepasuliwa kwa urefu, nusu ikapimwa, nusu ikahifadhiwa. Alimwita fundi wakaitoa ile nusu ya kipande cha saba. Darasani mwalimu aliwahi kuwatikisia tope ndani ya chupa ya maji: mchanga hutangulia kutua chini, laini hufuata juu yake. Ndani ya bomba palikuwa na utepe mwembamba wa mchanga. Punje kubwa zilielekea kifuniko cheupe. Laini zilielekea chekundu.

"Imesimama kichwa chini," fundi alisema kwa sauti ndogo. Safari hii hakutania.

Saa nne watu tisa walikusanyika. Daktari alishika koti mikononi, limepigwa pasi. Kabla hajafungua kinywa, Mama Chupa alipita mbele na nusu ya bomba juu ya trei.

"Daktari, samahani. Mteremko wako si wa bahari. Ni wangu."

Alisimulia bila kuruka kitu. Daktari akachukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya mchanga, akakaa hivyo muda mrefu kupita haja. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Miezi minane," alisema. "Ungeniambia siku ile ile, ningekukasirikia dakika mbili."

"Najua."

"Nimeshawaambia watu huko nje. Nimeshaandika."

"Najua, Daktari."

Fundi alikohoa. "Na mimi asubuhi nilimwambia anyamaze. Niandikeni na mimi."

Hakuna aliyecheka. Daktari alikwenda ukutani, akabandua mchoro, akaukunja. Halafu akalikunja na koti, akaliweka juu ya kabati.

"Ripoti haiendi. Na hili litangoja." Akageuka. "Lakini vipande viko kumi na viwili, Mama Chupa. Kimoja nimekijua leo, tena kwa sababu umesema. Hivyo kumi na kimoja vingine, nani ataniambia viko sawa?"

Mama Chupa aliitua trei mezani, akapangusa mikono kwenye kanga yake, akainua mkono wa kulia.

"Mimi. Nasema mbele yenu nyote, na Mungu anasikia. Nitakagua kila kipande, punje kwa punje, na pale nisipokuwa na hakika nitaandika kwamba sina hakika. Cha saba tutakipima upya, na kila chupa yake nitaiosha mwenyewe. Na kuanzia leo, kitu kikinianguka humu ndani, nitapaza sauti kabla sijainama kukiokota."