Sahihi ya Pili

Wadi ya wazazi ilikuwa na madaktari wanne, na kelele zao zilitosha kumzalisha mwanamke kwa hofu tu. Sheria mpya ya kutoa mimba ilipoingia, na jela yake kwa daktari, mmoja akahamia kung'oa meno, wa pili akahama nchi, wa tatu akaanza kuumwa mgongo, tena mgongo wenyewe uliuma siku za zamu tu. Akabaki mwanamke mmoja mfupi, ambaye wakunga walimwita Kisiki kwa kuwa hang'oki.

Asubuhi hiyo aliletwa mwalimu wa hesabu, mimba ya wiki kumi na saba. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka tangu juzi. Mtoto asingeweza kuishi, ila moyo wake ulikuwa bado unapiga, na moyo ukipiga, kabla ya kuitoa mimba sheria ilitaka sahihi za madaktari wawili kwamba mama yu hatarini. Mwongozo ulisema: homa, nyuzi thelathini na nane.

"Ngapi?" Kisiki akauliza.

"Thelathini na saba nukta tisa," mkunga mkuu akajibu. "Huu mwaka wa ishirini na sita nipo kazini, dada, sijawahi kuombea homa ipande."

Kisiki akampigia yule wa mgongo.

"Haloo? Haloo? Mtandao unakatika!"

"Kaka, nakusikia hadi unavyotafuna."

Simu ikakatwa.

Akarudi kitandani. Mapigo ya mwalimu yalikuwa mia na ishirini, midomo imekauka, maji yameanza kunuka.

"Daktari," mwalimu akasema, "nimekuja hapa kwa miguu yangu. Mnasubiri nini, nibebwe?"

Kisiki akachukua fomu, akatia sahihi yake. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa pili.

"Ningekutilia mimi," mkunga akanong'ona, "lakini nina watoto..."

"Najua, mama wee. Na sahihi ya mkunga wasingeikubali."

Pale pa daktari wa pili akaandika: *Hakuna*. Kisha akakisukuma kitanda mwenyewe hadi chumba cha upasuaji.

Saa nane mchana mwalimu alifumbua macho, akaomba maji, akalia. Mtoto yule walikuwa wamemtafuta miaka sita. Kisiki alikaa naye mpaka mumewe alipofika.

Chumba cha chai kilikuwa kimejaa vicheko. Alipoingia, mmoja akakumbuka mgonjwa, mwingine ufunguo, mwingine mama yake mzazi. Vikabaki birika na viti vitano. Kisiki akachagua cha katikati, akajimiminia chai, akakaa kusubiri wa kumwita: mgonjwa au polisi, yeyote atakayetangulia.